Jina Moja, Watu Wawili: Nasaba, Faili na Uhakiki wa Matini za Mombasa

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuanza na swali la nani aliyetunga. Swali hilo huonekana jepesi. Mhakiki hulijibu katika sentensi moja, akataja jina, mwaka na mji, kisha akaingia katika maudhui na fani, sehemu ambazo anaziona kuwa ndiyo kazi yake hasa. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba, kwa matini zinazohusiana na Mombasa, sentensi hiyo moja ya mwanzo mara nyingi ndiyo iliyobeba hatari kubwa kuliko zote zinazofuata. Watu wa pwani walirithishana majina, kwa hiyo nyaraka zetu zimejaa watu wanaofanana majina yao, na mtafiti asiyejihadhari humpa mtu mmoja maisha ya mwingine.

Mtu akisimama Kizingo, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, yuko kati ya mifumo miwili ya kutaja watu. Upande mmoja yapo majumba waliyojijengea wakubwa wa serikali ya kikoloni, na miongoni mwake Ikulu ya Mombasa. Huo ni ulimwengu wa faili, ambamo mtu alihitajika awe na jina moja la kudumu, liandikwe juu ya jalada na lipangwe kwa alfabeti. Upande wa pili, mwendo mfupi tu kwa miguu, ipo Ngome ya Yesu, yapo makaburi ya Wamazrui na upo Mji wa Kale. Huko mtu hutajwa kwa baba yake, kwa babu yake, kwa mlango wake na taifa lake, na urefu wa jina hutegemea anayeuliza ni nani na anauliza kwa nini. Nyaraka tunazozisoma leo ni zao la kukutana kwa mifumo hiyo miwili, na makosa mengi ya utambulisho yalizaliwa hapo ilipokutana.

Hoja yetu kuu ni kwamba ufanani wa majina ni swali, na mtafiti hana ruhusa ya kuuchukua kuwa ni jibu. Tutaijenga hoja hiyo kwa mifano minne: vita vya Wamazrui vya 1895 na 1896, waandishi wa ukoo huohuo katika orodha za maktaba, malenga na mwimbaji walioshirikiana jina la babu, na mwisho watu ambao historia iliwanyima nasaba kabisa.

2.0 Jina kama Mnyororo

Kabla ya kuingia katika mifano, yafaa tueleze kwa nini majina ya Mombasa hufanana. Sababu ya kwanza ni desturi ya kumpa mjukuu jina la babu yake. Desturi hii huzaa mapokezano: Ali humzaa Abdallah, Abdallah humzaa Ali, na baada ya miaka mia moja mtafiti anakutana na akina Ali bin Abdallah wawili au watatu katika mlango mmoja. Sababu ya pili ni kwamba hazina ya majina yenyewe si pana. Majina ya Mitume na masahaba, majina yanayoanza kwa Abdi, na majina ya siku kama Juma na Khamis yanarudi katika kila nyumba. Sababu ya tatu ni ya kimaandishi. Hati za Kiarabu zilizotumika kuandikia Kiswahili hazikuonyesha sauti zote za lugha hii, na waandishi wa Kizungu waliozinukuu kwa hati za Kirumi kila mmoja alikuwa na tahajia yake.

Wenye majina walizijua hatari hizi, na walikuwa na dawa yake. Jina la Kiswahili la pwani ni mnyororo. Kila pete ya mnyororo huo huwatoa watu kadhaa na kubakisha wachache, mpaka abaki mmoja. Pale ambapo "bin" moja haikutosha, iliongezwa ya pili na ya tatu. Baada ya hapo ikafuata nisba, yaani jina la ukoo, taifa au mji. Katika Mombasa yenyewe, penye Thenashara Taifa, palikuwa na haja ya kujua kama mtu ni wa Tisa Taifa au wa Thalatha Taifa, na kama ni wa Kilindini, wa Tangana au wa Changamwe.

Hata hivyo, nisba ina tabia ambayo humpoteza mtafiti: hubadilika kulingana na mahali aliposimama mwandishi. Mtu ambaye nyumbani anaitwa wa Kilindini, akifika Makka huwa ni wa Mombasa. Sheikh Muhyi al-Din, mwanazuoni na mshairi wa karne ya 19 aliyetoka Barawa na kuwa kadhi Zanzibar, huitwa al-Qahtani mahali pamoja na al-Waili mahali pengine. Msomaji anayezichukua nisba hizi kama majina ya ukoo ya Kizungu atadhani amekutana na wanazuoni wawili.

Washairi nao walijihadhari. Katika tenzi, beti za mwisho mara nyingi huwa ni mahali pa kuweka jina la mtunzi na tarehe. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi wake wa mwaka 1275 wa Hijra, unaolingana na 1858 Miladia, aliuweka mwaka huo ndani ya utendi wenyewe. Wahakiki wamezoea kuzisoma tamati za namna hii kama kipengele cha fani au kama unyenyekevu wa mtunzi. Tunapendekeza zisomwe pia kama kazi ya mtunza nyaraka. Mtunzi alijua kwamba karatasi itapotea, wanakili watabadilika, na kwamba jina lililofungwa ndani ya vina na mizani ni gumu kuling'oa kuliko jina lililoandikwa juu ya jalada.

Mashairi mafupi hayakuwa na kinga hiyo. Muyaka bin Haji, anayedhaniwa kuishi kati ya miaka ya 1776 na 1840, hakuacha diwani. Mashairi yake yalikusanywa baada ya kifo chake na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki 1890, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zilihifadhiwa London. William Hichens akatoa diwani mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchambuzi wake mwaka 1979. Kwa hiyo kila tunaposema "shairi hili ni la Muyaka" tunategemea mnyororo wa pili, ule wa wapokezi: kumbukumbu za wazee wa Mvita, kalamu ya Mwalimu Sikujua, maelezo ya Taylor na uhariri wa waliofuata. Na kila shairi linapomtaja mtu kwa jina lake tupu, ni wapokezi hao waliotuambia ni nani anayekusudiwa. Uamuzi wao unastahili heshima, na pia unastahili kuhojiwa.

3.0 Vita vya 1895: Mbaruk Wawili na Rashid Wawili

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa vita vya Wamazrui dhidi ya Waingereza. Mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyokuwa katika miezi yake ya mwisho ya kutawala pwani, ilimkubali mwanawe, Rashid bin Salim, awe mrithi. Aliyedai haki hiyo kwa upande wa pili alikuwa Mbaruk bin Rashid, mtoto wa ndugu yake marehemu. Ugomvi huu wa urithi uligeuka vita. Mbaruk alitoka Takaungu, na hatimaye akapata hifadhi kusini, kwa mkubwa wa Wamazrui wa Gazi. Mkubwa huyo wa Gazi naye aliitwa Mbaruk bin Rashid.

Hapa ndipo pa kutua. Mbaruk bin Rashid wa Gazi alikuwa mtoto wa Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa Kimazrui katika Mombasa, yule aliyekamatwa na kupelekwa uhamishoni baada ya Sayyid Said kuutwaa mji mwaka 1837. Kwa hiyo katika vita vilevile tunao Mbaruk bin Rashid wawili, na katika nasaba na siasa za vita hivyo tunao Rashid bin Salim wawili. Mmoja alikuwa amekwisha kufa zamani, mwingine alikuwa hai na ameketi Takaungu kwa msaada wa Waingereza. Mtafiti anayesoma faharasa bila ya kufungua kurasa, akakuta Mbaruk bin Rashid anampiga vita Rashid bin Salim, ataandika bila wasiwasi kwamba mtoto alimwasi baba yake. Na kwa kuwa wahakiki wa fasihi tunapenda visa vya mtoto na baba, huenda akajenga juu ya kosa hilo nadharia nzima ya uasi wa kizazi kipya.

Mnyororo ukirefushwa kwa pete moja tu, fumbo lote linafumbuka. Yule wa Takaungu ni Mbaruk bin Rashid bin Khamis. Yule wa Gazi ni Mbaruk bin Rashid bin Salim. Liwali mpya wa Takaungu ni Rashid bin Salim bin Khamis, na kwa hiyo yeye na Mbaruk wa Takaungu ni watoto wa ndugu wawili, wote wajukuu wa Khamis. Liwali wa zamani wa Mombasa ni Rashid bin Salim bin Ahmad. "Bin" ya pili, ambayo karani wa faili aliiona kuwa ni urefu usio na maana, ndiyo iliyokuwa imebeba maana yote.

Waingereza wenyewe waliitambua shida hii kwa kiasi fulani. Katika barua za Sir Arthur Hardinge na wenzake, wawili hawa hutenganishwa kwa mahali: Mbaruk wa Gazi na Mbaruk wa Takaungu. Njia hii ilifaa maadamu kila mmoja yuko kwake. Lakini vita viliwakutanisha. Mbaruk wa Takaungu alipokimbilia kusini, kitambulisho cha mahali kilipoteza nguvu zake, kwa sababu sasa wote wawili walikuwa upande mmoja wa nchi. Ngome ya Mweli iliposhambuliwa mwezi wa Agosti 1895, msomaji wa taarifa inayosema "Mbaruk" bila ya kuongeza neno ana wajibu wa kusimama na kuuliza.

Tahajia nayo iliongeza giza. Jina hili huandikwa Mbaruk, Mbarak, Mubarak na hata M'baruk. Mubarak na Mabruk ni majina mawili ya Kiarabu yenye mzizi mmoja, na matamshi ya pwani yaliyakaribisha pamoja. Mtu anaweza kushawishika kusema kwamba "Mubarak" ni mmoja na "Mbaruk" ni mwingine, akafurahi kwamba amepata njia nyepesi ya kuwatenganisha. Ushawishi huo ni wa kukataliwa. Tahajia hutuambia habari za mkono ulioandika, nayo haitoi ushahidi juu ya mtu aliyeandikwa.

Kinachohusika hapa ni zaidi ya usahihi wa tanbihi. Mbaruk wa Gazi alikuwa amewahi kuwaasi masultani wa Zanzibar mara kadhaa kabla ya vita hivi. Mwezi wa Aprili 1896 alivuka mpaka akaingia katika himaya ya Wajerumani pamoja na wafuasi wake, na alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Mbaruk wa Takaungu alikuwa na dai lake mahsusi la urithi. Tukiwafanya mtu mmoja, tunapata shujaa mmoja mkubwa na kupoteza hoja mbili tofauti za kisiasa: moja ya mtu aliyedai kiti cha baba yake, na nyingine ya mtu ambaye nyumba yake ilinyang'anywa mji mzima na ambaye sasa alikataa kumtoa jamaa aliyekuja kumwomba hifadhi. Utenzi, tamthilia au riwaya ya kihistoria yoyote juu ya vita hivi inasimama au kuanguka juu ya tofauti hiyo.

4.0 Kadi ya Maktaba na Waandishi wa Ukoo Mmoja

Mfano wa pili tunauchukua kutoka maktaba. Orodha za maktaba, zile za kadi na zile za kompyuta zilizofuata, zilijengwa juu ya dhana kwamba kila mwandishi ana jina la ukoo linalotangulia na jina lake binafsi linalofuata. Dhana hiyo inapokutana na ukoo wenye waandishi wengi na majina yanayopokezana, matokeo yake ni mkanganyiko.

Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, mwanazuoni wa Mombasa, aliishi kati ya 1825 na 1894. Mwanawe, Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, alizaliwa 1891 na kufariki 1947. Ndiye aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, na kuandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa Wamazrui katika Mombasa. Mtoto wake ni Profesa Ali Al'amin Mazrui, aliyezaliwa 1933 na kufariki 2014. Katika ukoo huohuo yumo pia Profesa Alamin Mazrui, mwanaisimu na mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981) na diwani ya Chembe cha Moyo (1988). Ali, al-Amin, Ali, Alamin: desturi ya mapokezano iko mbele ya macho yetu, safari hii juu ya migongo ya vitabu.

Sasa tutazame jinsi mkanganyiko unavyozaliwa kimatendo. Historia ya Sheikh al-Amin ilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. McL. Ritchie mwaka 1995, yaani miaka 48 baada ya mwandishi kufariki. Mwaka huohuo wa 1995 Ali Mazrui na Alamin Mazrui walichapisha pamoja kitabu cha Swahili State and Society. Mwanafunzi anayefuata mtindo wa kunukuu unaotaka jina la ukoo, herufi ya kwanza na mwaka, ataandika "Mazrui, A. 1995". Maandishi hayo mafupi yanaweza kumaanisha kadhi aliyefariki kabla ya uhuru, au mtoto wake mwanasiasa jamii, au mwanaisimu na mshairi. Mtindo umefuatwa bila ya kosa, na habari imepotea bila ya mtu kuona.

Katika uhakiki, kosa hili lina uzito wa pekee. Sehemu kubwa ya mashairi ya Chembe cha Moyo inahusiana na kuwekwa kizuizini kwa mtunzi wake katika miaka ya 1980. Ali Mazrui naye alikuwa na kazi yake ya kubuni, riwaya ya Kiingereza ya The Trial of Christopher Okigbo ya 1971. Mhakiki asiyewatenganisha atamtafutia mshairi wa kizuizini falsafa katika vitabu vya mtu mwingine, au atamhukumu mwanasiasa jamii kwa mashairi asiyoyatunga. Uchungu ulioandikwa kwa kalamu ya mtu aliyefungwa utakuwa umehamishiwa kwa mtu ambaye hakufungwa. Hilo ni jambo linalogusa haki, mbali na elimu.

Tuongeze mfano mmoja ambao hutibika kwa urahisi. Sulaiman bin Ali al-Mazrui alikuwa liwali wa Mombasa wakati Kapteni Owen alipoweka bendera ya Uingereza juu ya ngome mwaka 1824. Sheikh Sulaiman bin Ali al-Mazrui mwingine, mwanazuoni, alikuwa mlezi na mwalimu wa Sheikh al-Amin, na alifariki 1937. Kati yao kuna zaidi ya karne moja. Hapa tarehe peke yake hutosha, mradi mtafiti akumbuke kuiangalia, na mradi ageuze miaka ya Hijra kwa uangalifu. Mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku kumi au kumi na moja hivi, na mwaka mmoja wa Hijra huangukia katika miaka miwili ya Miladia. Mwaka 1313, kwa mfano, ulianza mwezi wa Juni 1895 na kumalizika Juni 1896, kwa hiyo unabeba mashambulizi ya Mweli na pia kuvuka mpaka kwa Mbaruk wa Gazi.

5.0 Malenga, Mwimbaji na Haki ya Utunzi

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi na fasihi ya siku zetu. Ahmad Nassir Juma Bhalo ni malenga wa Mombasa ambaye mashairi yake yalitolewa kwa tafsiri ya Lyndon Harries mwaka 1966, na ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita ilichapishwa 1971. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014, ni mwimbaji mashuhuri wa taarabu. Ni watu wa nasaba moja, na wote wawili huitwa Bhalo. Mwimbaji aliimba tungo nyingi za malenga.

Kwa mtu wa Mji wa Kale hapana shida yoyote hapa. Anajua nani alitunga na nani aliimba, na kwake kuimba na kutunga ni kazi mbili zenye heshima mbili. Shida huanza pale kaseti inapoingia katika orodha ya maktaba ya sauti. Karani anaandika "Bhalo, Juma" katika nafasi ya mwandishi, na tangu hapo utunzi wa mtu mmoja na sauti ya mwingine vinakuwa mali ya jina ambalo, kwa hakika, ni jina la babu. Mhakiki anayekuja baadaye na kunukuu matini kutoka kaseti hiyo atampa mwimbaji umalenga, au atamvika malenga usanii wa jukwaani. Ulinganisho wa maneno ya kaseti na diwani zilizochapishwa, pamoja na masimulizi ya waliokuwapo, ndio njia ya kuirejesha haki ya kila mmoja.

Upo pia upande wa pili wa sarafu hii, nao ni watu walio karibu sana ambao majina yao hayafanani. Abdilatif Abdalla, mtunzi wa Sauti ya Dhiki (1973), na Sheikh Abdilahi Nassir, mwanasiasa na mwanazuoni aliyefariki 2022, ni ndugu. Na Ahmad Nassir naye ni ndugu yao. Hakuna alfabeti itakayomwonyesha mtafiti uhusiano wa Abdalla na Nassir. Katika orodha ya maktaba wamewekwa mbali, lakini katika uhai wao waliathiriana kwa fikra na kwa lugha. Kwa hiyo jina linaweza kumdanganya mtafiti kwa njia mbili, kwa kufanana na kwa kutofanana.

6.0 Wasio na Mnyororo

Mpaka hapa tumezungumza juu ya watu wenye nasaba ndefu, na dawa tuliyoipendekeza ni kuirejesha nasaba hiyo. Dawa hii haiwezi kumfaa kila mtu. Waliouzwa utumwani walikatwa kutoka katika mnyororo wao, na majina waliyopewa yalikuwa machache na ya mzaha au ya baraka: Feruzi, Mabruki, Baraka. Katika vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 akina Mabruki ni wengi, na mmoja wao alijulikana kwa jina la Mabruki Speke, yaani kwa jina la msafiri aliyemwajiri. Sidi Mubarak Bombay, aliyefariki 1885, alibeba jina la mji wa India kama sehemu ya jina lake. Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, katika kijiji cha Freretown kilichoanzishwa 1875 na Chama cha Kimisionari cha Kanisa, waliokombolewa walibatizwa wakapewa majina ya Kikristo, na mtu mmoja akawa na maisha mawili chini ya majina mawili.

Kwa watu hawa kanuni ya kudai "bin" ya pili inageuka kuwa dhuluma ya pili. Aliyenyimwa baba katika maandishi hawezi kutakiwa amtaje baba ili akubaliwe kuwa ni mtu. Hapa mtafiti analazimika kutegemea ushahidi wa namna nyingine: safari alizokwenda, watu aliotajwa pamoja nao, mshahara aliolipwa, kovu au kimo kilichotajwa na mwandishi. Ni kazi ya polepole, na mara nyingi haifiki mwisho.

Suala la wenye majina mafupi halikuishia kwa watumwa. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa pwani wapeleke madai yao mbele ya Mwandishi wa Hati, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Tufikirie hali ya mjane katika kisiwa cha Mombasa ambaye karatasi yake ya kadhi inamtaja kama Fatuma binti Ali tu, bila ya zaidi. Majirani wake wanamjua kwa nyumba yake, kwa watoto wake na kwa mume wake. Rejista haimjui kwa lolote katika hayo. Akina Fatuma binti Ali ni wangapi katika mji mmoja? Ardhi iliyokuwa haina mgogoro machoni pa mtaa iliweza kuwa na mgogoro machoni pa rejista, kwa sababu tu jina lililotosha mtaani halikutosha ofisini.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mtafiti anaweza kukosea kwa njia mbili: kuwaunganisha watu wawili wakawa mmoja, au kumgawa mtu mmoja akawa wawili. Makosa haya hayalingani. Ukimgawa mtu mmoja, unaacha kadi mbili mezani, na mtafiti wa kesho anaweza kuziona, akazilinganisha na kuziweka pamoja. Ukiwaunganisha watu wawili, unafuta mahali pa mshono. Anayekuja baada yako haoni tena kwamba palikuwa na wawili, kwa sababu kadi ni moja, jina ni moja, na maisha yanasomeka vizuri. Tena yanasomeka vizuri kupita kiasi. Kwa hiyo, pale ushahidi unapopungua, tunapendekeza watu wawili waachwe wawili. Kwa wale waliokatwa katika nasaba zao, ambao ni wepesi kutawanyika katika vipande visivyokutana, mtafiti avikusanye vipande hivyo kwa uvumilivu, na aonyeshe wazi ni wapi anajua na ni wapi anakisia.

Kwa wanafunzi wanaoanza kazi hii, mambo machache yanafuata kutokana na tuliyoyasema. Jina linukuliwe kama lilivyoandikwa katika waraka, kabla ya kusawazishwa. "Bin" isifutwe kwa ajili ya kupunguza nafasi. Nisba isomwe pamoja na mahali aliposimama aliyeiandika. Mashahidi na majirani waliotajwa katika waraka waorodheshwe, kwa kuwa mtu huweza kufanana jina na mwenzake lakini ni nadra kufanana naye kwa jamaa wote. Na wazee waulizwe mapema, kwa sababu mnyororo wa mdomo ndio ambao mara nyingi una ile pete iliyokosekana katika faili.

Mwezi wa Oktoba 2014 Ali Al'amin Mazrui, aliyefia Marekani, alirudishwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya Wamazrui yaliyo karibu na Ngome ya Yesu, miongoni mwa wengi walioshirikiana naye jina. Waliomzika hawakuhitaji orodha kujua ni Ali yupi. Sisi tunaokuja na madaftari yetu baada yao tunaihitaji, na hatuna budi kuiandaa kwa uangalifu uleule ambao jamaa wa marehemu huutumia wanapomtaja kwa baba yake na babu yake, ili dua ya mtu isiende kwa mwingine.